Ushauri kwa Kiti Kitupu

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Watu wengi wakimwona mtu ameketi pembeni kwa miaka mingi hufanya kosa moja: hudhani ameketi hapo kwa sababu kimo chake kimeishia hapo. Hupima kiti, kisha hutangaza kwamba wamempima mwenye kukikalia. Nilitaka kuendelea na kosa hilo moja kwa moja, maana ndilo kiini cha barua yangu, lakini shemeji yako, ambaye amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, ameniuliza tangu lini mtu mwenye adabu akaanza barua kwa kuukosoa ulimwengu kabla ya kuuliza hali. Amesema kweli. Basi narudi mlangoni niingie upya.

Hujambo, mdogo wangu? Mgongo unaendeleaje, hasa asubuhi unapoinama kufunga kamba za viatu? Mkeo na wanao wazima? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto limejifanya mtabiri wa mvua, na kwa kuwa hukosea mara tatu kati ya nne, nimeacha kulisikiliza. Shemeji yako ni mzima kuliko sisi sote. Anakusalimu sana, na analalamika kwamba mara ya mwisho ulipotutembelea ulikula umesimama, sahani mkononi, kama mchezaji wa akiba anayengoja kuitwa.

Barua yako niliipata Jumatatu. Niliisoma mara tatu, na katika mara ya tatu nikajikuta nimeshika kalamu nyekundu. Unisamehe; mkono wa mwalimu haustaafu siku moja na mwenyewe. Sikusahihisha kitu, ila nilipigia mstari neno moja, neno “tu”. Umeandika “mimi ni msaidizi tu” mara nne katika kurasa mbili. Mwisho wake ukaniuliza swali: kamati imekupa hadi Ijumaa useme kama unautaka ukocha mkuu, ama urudi kwenye nafasi yako ya zamani na wao wamlete mtu wa nje. Ukaandika: Kaka, nijibu nini?

Ungeweza kusema ningepiga simu tukamalizana. Lakini mimi najijua. Nikiwa kwenye simu, nikafika penye ugumu, husingizia mtandao na kukata. Karatasi haina mtandao. Ndiyo maana nakuandikia, na ndiyo maana shemeji yako ataileta mwenyewe asubuhi ya Ijumaa, akienda sokoni.

Kwanza nikukumbushe mambo unayoyajua, kwa sababu ndiyo tabia yangu, na pia kwa sababu aliye ndani ya jambo huliona kwa vipande. Umekuwa msaidizi wa kocha Radi kwa miaka kumi na saba. Jina hilo wachezaji walimpa kwa haki. Alipofoka katika chumba cha kubadilishia nguo, waliokuwa nje walisogea mbali na dirisha. Na wewe wakakuita Mwavuli, kwa kuwa kila aliyepigwa na Radi alikimbilia kwako. Mmoja alinyanyaswa mbele ya wenzake, ukamkuta kwenye ngazi za nyuma, ukakaa naye mpaka akafuta pua. Mwingine aliachwa nje ya kikosi, ukamweleza sababu ambayo Radi hakuona haja ya kuieleza. Mlifanya kazi vizuri hivyo. Sasa Radi amechukuliwa na timu nyingine katikati ya msimu, zikiwa zimebaki mechi saba, tuko nafasi ya tatu kutoka mkiani, na wewe umeitwa kaimu.

Katika mechi yako ya kwanza nilikuwepo. Sikukuambia nitakuja, kwa sababu ungeanza kunitafuta jukwaani badala ya kutazama mpira. Nilikaa safu ya nne nyuma ya benchi lenu, karibu na mama wa jezi, yule anayewafulia, ambaye alikuwa na kapu lake la taulo mapajani. Kabla filimbi haijapigwa, jamaa mmoja mwenye kofia ya manjano akasema kwa sauti ya kusikika hadi langoni: “Radi imekwenda zake. Sasa mwavuli wa nini?” Safu nzima ikacheka. Na mimi nilicheka, kabla sijakumbuka kwamba mwavuli wenyewe ni ndugu yangu.

Kisha nikaona jambo ambalo sidhani umelijua hadi leo. Benchi lenu lina viti vya plastiki vya bluu, na cha kwanza, kilicho karibu na mstari wa kati, kina mkono uliopasuka kwa ngumi za Radi. Ulitoka kwenye njia ya wachezaji, ukapita mbele ya kiti kile, ukakaa cha pili. Nilidhani umekiacha kwa muda tu. Hukukihamia. Hata kitabu chako hukukiweka pale. Kocha wa makipa alipotaka kukikalia ili aone vizuri, ulimzuia kwa mkono, kama vile mwenyewe ameenda kunawa na atarudi.

Dakika ya sitini na kitu, winga wao akaanza kupita upande wetu wa kulia apendavyo. Nahodha, namba saba, alikuwa hoi, mikono kiunoni, wala harudi kukaba. Sisi sote jukwaani tuliona. Na wewe uliona kabla yetu, nina hakika, kwa sababu uliinama upande wa kushoto, ukaziba mdomo kwa kiganja, ukasema neno. Ukainuka, ukakaa sawa, ukangoja.

Mdogo wangu, ulikuwa umekishauri kiti kitupu.

Mama wa jezi, ambaye ana masikio makali, alimwambia shemeji yako baadaye kwamba ulisema, “Saba amechoka, tumtoe.” Ushauri mzuri kabisa. Ulikuwa umefanya kazi yako ya miaka kumi na saba barabara: ukaona, ukasema, ukangoja mwingine aamue. Hakuna aliyeamua. Dakika mbili baadaye winga yule alipita palepale, mpira ukaingia, tukafungwa moja bila. Mwenye kofia ya manjano aliishusha kofia yake usoni. Hilo lilinichoma kuliko kejeli yake.

Hapo ndipo napenda nieleze kidogo, na shemeji yako amekwisha kuketi kwa sababu anajua “kidogo” yangu ni ndefu.

Wanaosema utashindwa hukosea kwa namna niliyoitaja mwanzo. Lakini na wanaosema utafaulu kwa kuwa umekaa karibu na kazi hiyo miaka kumi na saba hukosea pia. Hudhani ukocha msaidizi ni ukocha mkuu uliopunguzwa ukubwa, kwamba ni suala la kusogea kiti kimoja. Hapana. Ni kazi mbili zinazovaa fulana moja. Msaidizi akitoa shauri baya, shauri hilo hupotelea hewani na hakuna anayelitaja kwenye redio. Akitoa zuri, hupewa mwingine. Hulala salama pande zote mbili. Kocha mkuu hubaki na alichoamua, kiwe kizuri au kibaya, na hana pa kukiweka. Uzito huo huwezi kuuzoea ukiwa kwenye kiti cha pili, hata ukikaa hapo miaka mia.

Najua kwa sababu nilipita huko. Nilikuwa naibu mwalimu mkuu kwa miaka tisa, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupanga ratiba. Nilikuwa fundi wa ratiba. Sikuwahi kugonganisha madarasa mawili katika chumba kimoja. Waliponifanya mkuu, muhula mzima wa kwanza nilijifungia ofisini na rula na kalamu za rangi nikipanga ratiba, huku paa la maabara likivuja na walimu wawili hawasemeshani. Nilishika kazi niliyoijua ili nisikutane na ile nisiyoijua. Siku moja mwalimu wa kemia aliingia, akaninyang'anya rula mkononi, akasema, “Mwalimu, ratiba nitaipanga mimi. Wewe nenda ukawe mkuu.” Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda kutazama paa.

Na wewe rula yako ni ule mwavuli. Niliona hivyo katika mechi ya pili.

Siku ile shemeji yako naye alikuja, na kofia kubwa ya jua iliyowaziba watu watatu nyuma yetu. Hukukaa kabisa. Dakika zote ulikuwa wima, nikajua kiti bado unakiogopa. Lakini dakika ya hamsini na tano ulifanya jambo ambalo wiki iliyotangulia lilikushinda: ulimtoa namba saba. Nahodha, kipenzi cha uwanja, mtu uliyemfuta machozi tangu hajaota ndevu. Watu walizomea. Wewe ukainua mkono kwa mwamuzi, na ubao ukainuliwa. Nilisema moyoni, ameweza.

Halafu ukamfuata! Alipokwenda kukaa amenuna, uliacha mstari, ukapiga goti mbele yake, ukamshika shingo, ukaanza kumbembeleza, mgongo wako ukiwa umeelekea uwanjani. Wapinzani wakapiga kona. Mabeki wetu walikuwa wakikuita wakuulize nani amkabe yule mrefu. Bao la kichwa liliingia nyuma yako, ukalijua kwa makelele. Ulitaka kuwa mvua na mwavuli kwa wakati mmoja, mdogo wangu. Uliyemlowesha wewe, ukataka kumfunika wewe. Hiyo haiwezekani. Anayemtoa mchezaji si lazima awe katili, lakini inabidi mwingine ndiye amfuate kwenye benchi. Zamani ilikuwa Radi na wewe. Sasa ni wewe na nani?

Sijamaliza habari za mechi ile, na kilichofuata ndicho kilichonifanya nirudi nyumbani nikitembea kwa miguu na goti langu bovu bila kulisikia. Uliinuka pale ulipopiga goti. Ulitazama uwanja labda kwa dakika nzima. Kisha ulimwita beki wa kushoto, ukamwonyesha kwa mikono, bila maneno, maana unajua yule maneno humchanganya, ukampeleka katikati akacheze kiungo. Jambo hilo nimelisikia mezani kwangu kwa misimu minne. Kila ulipokuja kula ulikuwa ukisogeza kijiko na chupa ya chumvi kunionyesha kwamba yule amezaliwa kiungo na Radi hataki kusikia. Nilikuangalia kwa makini sana wakati ule. Hukuinama kushoto. Hukuziba mdomo. Hukumtazama mtu yeyote.

Dakika kumi baadaye yeye ndiye aliyetoa ile pasi ndefu, tukasawazisha.

Shemeji yako alipiga kelele mpaka kofia ikaanguka. Yule jamaa wa kofia ya manjano, ambaye tena alikuwa mbele yetu, akageuka kumuuliza kama yeye ndiye mama mzazi wa beki wa kushoto. Akajibiwa, “Mimi ni shemeji ya Mwavuli.” Mtu yule alimtazama, akanitazama mimi, akainama kuiokota kofia ya shemeji yako, akaipangusa vumbi, akampa. Akasema, “Basi mama, mwambie leo umefunguka.”

Kuna na hili, ambalo pengine hukulisikia. Mama wa jezi anasema baada ya mechi, ulipokuwa ukizungumza na watu wa redio, namba saba alibeba mwenyewe mfuko wa mipira hadi stoo, kazi ambayo manahodha hawaifanyi. Mama wa jezi akamtania kama ameshushwa cheo. Akamjibu kwamba angetolewa na Radi angevunja mlango, lakini aliyemtoa ni Mwavuli, na Mwavuli hajawahi kumdanganya, kwa hiyo huenda kweli alikuwa amechoka. Tafakari maneno hayo. Ile miaka kumi na saba ya kukaa kwenye ngazi za nyuma na vijana haikuwa kazi ya mtu wa pili. Ulikuwa unaweka akiba ya kuaminiwa, na sasa ndipo unapoitumia. Radi hakuwa nayo. Yeye alikuwa na sauti.

Kama nitaruhusiwa shauri moja la mpira, mimi nisiyejua mpira, basi ni hili: kiti cha pili usikiache wazi. Yupo kocha wa makipa. Najua anakuudhi. Umeniandikia kwamba siku ya tatu tu ya ukaimu wako alikwambia mbele ya watu kuwa mazoezi yako yanafanana na matembezi ya wagonjwa. Lakini je, alikosea? Mtu anayeweza kukuambia hivyo ana mdomo, na kiti cha kwanza kinahitaji mdomo karibu yake. Wewe ulikuwa mdomo mzuri kwa Radi. Tafuta wako.

Sasa nafika mahali ambapo, ingekuwa simu, mtandao ungekatika.

Unakumbuka miaka kumi na moja iliyopita Radi aligombana na kamati, akafunga virago, na timu ikakaa wiki tatu haina kocha mkuu. Wewe ulisimamia mazoezi. Halafu Radi akabembelezwa, akarudi, mkapeana mikono, ukarejea kitini kwako. Ulikuja kwangu jioni moja ukasema, huku ukicheka kicheko kisichokuwa chako, kwamba bila shaka kamati haikukufikiria hata kidogo. Nilitikisa kichwa kukubali. Mdogo wangu, kamati ilikuwa imekufikiria. Ilikuwa imegawanyika nusu kwa nusu, na mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu kutafuta neno la kuvunja usawa huo.

Alikaa kwenye kochi la kahawia. Alikuwa mwanafunzi wangu wa hesabu zamani, na bado aliniogopa kidogo. Aliniuliza, “Mwalimu, ataweza?” Nilimjibu kwa sauti yangu ya darasani. Nilimwambia kwamba duniani kuna watu wa kwanza na kuna watu wa pili, kwamba wewe ni mtu wa pili wa daraja la juu kabisa, na kwamba wakikupandisha watampoteza msaidizi bora na wasimpate kocha. Alinishukuru. Hata chai hakuimaliza. Kesho yake walimwendea Radi.

Ungefikiri niliamini nilichosema. Nimejaribu kuamini hivyo miaka yote hii. Lakini kumbuka mama yetu wakati ule alikuwa akipelekwa kliniki kila Jumanne na Alhamisi, na wewe ndiye uliyempeleka, kwa kuwa msaidizi anaweza kukosekana uwanjani asubuhi mbili na timu isiyumbe. Kocha mkuu hawezi. Nilijua ukipanda, asubuhi zile zitaangukia mabegani mwangu, nami nilikuwa mwalimu mkuu mwenye shughuli zake na heshima zake. Swali la mwenyekiti lilikuwa kama utaweza. Mimi nilijibu swali jingine ambalo hakuuliza. Sikukupima wewe hata kidogo. Nilikuwa nikilinda Jumanne na Alhamisi zangu.

Mama alikuwa chumba cha pili, mlango uko nusu wazi. Mgeni alipoondoka niliingia kumtazama. Hakunigombeza. Alisema neno moja: “Umemjibia.” Nikajifanya sikusikia, nikamuuliza kama anataka maji.

Alipofariki, unakumbuka tulipofungua mkoba wake tukakuta vifuniko kumi na kimoja vya chupa za dawa, vimefungwa katika leso. Mimi nilidhani ni mambo ya uzee, nikataka kuvitupa. Wewe ukanishika mkono. Ukaeleza kwamba ndivyo mlivyokuwa mkipitisha muda kwenye benchi la kliniki: wewe unampangia timu kwa vifuniko, naye anauliza kwa nini huyu yuko hapa na si pale, na wakati mwingine anakibishia kifuniko mpaka unakihamisha. Siku ile ndipo neno lake lilipoanza kunifuata. Kumbe asubuhi mbili kila wiki, kwenye benchi la hospitali, ulikuwa kocha mkuu, na ulikuwa na msaidizi hodari. Mimi ndiye sikujua, maana sikuwahi kuja.

Kwa hiyo lile kosa la mwanzo wa barua, nililowatwika watu wengi, ni langu. Nilikuweka kwenye kiti, kisha nikazunguka miaka kumi na moja nikiwaeleza watu kwamba kiti kinakufaa.

Sitakuomba msamaha kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haiwezi kukutazama usoni. Nitakuja Jumapili. Ukitaka kunifungulia mlango, utanifungulia. Usipotaka, nitakaa kibarazani na goti langu mpaka utakapotaka. Ila kitu kimoja nilikifanya jana bila kungoja. Nilikwenda kwa mwenyekiti, kule ofisini kwake nyuma ya duka lake la rangi, nikamwambia yote haya niliyokuandikia. Alichezea kifuniko cha kopo la rangi. Akasema neno langu lile lilimkaa kichwani. Kila kamati ilipokutana na jina lako likatajwa, yeye alilirudia kama lake, kwamba huyo ni mtu wa pili. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nilipokuwa mwanafunzi. Kisha akaongeza jambo ambalo naona nikufikishie kama lilivyo. Alisema, “Lakini Mwalimu, na yeye miaka yote hii hajawahi kubisha hodi kwenye mlango huu. Habari zake naletewa na wengine. Hata safari hii amekutuma wewe?” Nikamwambia hukunituma. Nikamwambia hujui kama nimekuja. Akasema basi anangoja.

Nimefurahi kwamba hakuniuliza tena kama utaweza. Angeniuliza ningemwambia simjibii mtu. Na wewe vilevile, uliponiuliza ujibu nini, ulikuwa umeinama kushoto na kuziba mdomo kwa kiganja. Mimi ni kiti kitupu, mdogo wangu. Ukisema ndiyo, kuna mechi tano mbele, na kuna kushuka daraja kunakowangoja mkikosea, na kelele zote zitakuwa zako. Ukisema hapana, utakuwa umekataa mwenyewe, na hilo pia ni la mtu wa kwanza. Nina matumaini makubwa, wala siyafichi. Niliona mkono wako ulivyokwenda juu bila kuomba ruhusa. Lakini matumaini yangu si jibu lako.

Msalimie mkeo, mwambie kile kitambaa cha meza alichotushonea tunakitandika kila siku, hata siku zisizo na wageni. Wasalimie wanao mmoja mmoja. Msalimie mama wa jezi, na umwambie nitamrudishia taulo nililolikalia. Ukionana na mwenye kofia ya manjano, naye msalimie. Shemeji yako anasema Jumapili tutakuja na chakula, na kwamba safari hii utakula umeketi.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu

Nyongeza: Shemeji yako amemaliza kuisoma. Amefuta macho, kisha amesema kurasa zote hizi na bado sijakuambia ufanye nini, kwamba hivyo ndivyo walimu walivyo. Basi: leo hii Ijumaa, kabla ya mazoezi, nenda kwa mwenyekiti ukabishe hodi.